Ukisema wasichana hawachezi gemu, umewahi kuwapa padi ya kuchezea?

Nina kibanda cha gemu Mwananyamala, runinga nne na benchi mbili. Miaka mitatu ya mwanzo, mtu akiniuliza mbona wateja wako wote wavulana, jibu langu lilikuwa moja: wasichana hawapendi gemu. Nilisema hivyo mimi mwanamke, ambaye usiku nikishafunga nilikaa peke yangu nacheza hadi luku inalia.

Jioni moja binti wa jirani yangu anayepika chapati, wakati huo yuko kidato cha nne, aliniletea chapati zangu akanikuta kwenye runinga ya pembeni nacheza Horizon Zero Dawn. Steringi wa gemu hiyo ni Aloy, msichana aliyetengwa na kabila lake tangu utotoni, anayewinda kwa upinde mashine zenye maumbo ya wanyama. Binti alisimama na sahani mkononi, haondoki. Nikampa padi. Akajificha kwenye majani marefu, mbele yake ile mashine ndogo ya doria yenye jicho moja. Jicho likiwa la bluu haijakuona, likigeuka njano imeshtuka, likiwa jekundu inakujia. Mshale wake wa kwanza ukapita juu. Jicho likawa jekundu. Wavulana watatu waliokuwa wakibishana kuhusu penati ya FIFA, gemu ya mpira, wakaacha ubishi, wakasogea, mmoja akapaza sauti: “Jicho, sista! Piga jicho!” Akalipiga.

Hakuna aliyeuliza kwa nini steringi ni mwanamke. Wiki iliyofuata wawili kati yao walilipia saa nzima wamcheze Aloy wenyewe.

Nilianza kufuatilia, nikagundua kosa langu ndilo la makampuni makubwa. Kabla ya gemu ya The Last of Us kutoka mwaka 2013, watengenezaji wake, Naughty Dog, walipokuwa wakiijaribisha kwa wachezaji, iliwabidi waombe wenyewe wanawake waingizwe kwenye kundi la majaribio, maana hawakuwa wamepangwa. Walishauriwa pia wamsogeze Ellie, msichana wa gemu hiyo, nyuma ya kasha la gemu; wakakataa. Mwaka huohuo ilitoka gemu ya Kifaransa, Remember Me, ambayo kabla ya hapo ilikataliwa na baadhi ya wachapishaji wa gemu kwa kuwa steringi wake, Nilin, ni mwanamke, mpaka kampuni ya Capcom ilipoichukua. Unamwita mvulana peke yake, unamuuliza anataka nini, halafu unaandika kwenye ripoti kwamba soko ni la wavulana! Na mimi nilifanya hivyohivyo bila hata ripoti. Horizon yenyewe imeuza nakala zaidi ya milioni 20, na hazikununuliwa na wanawake peke yao.

Kwa hiyo wewe mwenye kibanda, au kaka mwenye mashine ya gemu nyumbani, anza na mazingira kabla ya kununua diski. Kwangu benchi ziliziba mlango, msichana akiingia lazima apenye katikati ya magoti ya watu. Nilizihamishia ukutani. Matusi nikayapiga marufuku, na anayerudia anapoteza muda aliolipia. Wiki mbili za kwanza nilipoteza wateja, nakiri, lakini wengi walirudi. Jumamosi asubuhi runinga mbili ni za wasichana. Mama zao wanaruhusu kwa sababu ni mchana na mlango uko wazi, basi usiweke muda huo jioni.

Gemu za hadithi usizitoze kwa mechi. Toza kwa muda, na kila mtu awe na akaunti yake, maana hakuna kinachokatisha tamaa kama kurudi kesho ukakuta mwingine amehifadhi juu ya safari yako. Angalia pia namba ya umri kwenye kasha. Horizon kwa Ulaya ni 16, The Last of Us ni 18, na mimi ya 18 siwawekei watoto hata wakilia.

Usiwachagulie wasichana “gemu za kike”. Nilijaribu, nikawawekea za mavazi na mapishi, wakachoka ndani ya nusu saa wakaomba Aloy. Na wavulana usiwaonee huruma isiyo na sababu, ukidhani steringi mwanamke atawakimbiza. Tangu Desemba 2023 ilipotoka trela ya kwanza ya gemu ya GTA VI, yenye Lucia kama mmoja wa steringi wawili, kibandani wanaihesabia siku. Sijamsikia hata mmoja akisema hataicheza kwa sababu ya Lucia.

Jumamosi iliyopita mmoja wa wale wasichana aliniuliza kama FIFA ina timu za wanawake. Nikatoa diski ya zamani ya FIFA 16, ile ya mwaka 2015 walipoziweka kwa mara ya kwanza, timu 12 za taifa. Miaka yote imekaa kwenye kabati langu na hakuna aliyewahi kuzifungua. Akazipitia moja moja: Ujerumani, Brazili, Marekani, Australia. Akafika mwisho, akarudi mwanzo.

“Twiga Stars hawamo, dada?”

Hawamo. Katika zile 12 hakuna hata moja ya Afrika. Akachagua Brazili, akamwita mwenzake aje ashike padi ya pili.