Fundi, Video Yangu ya Shanga za Maji Inawaka-waka

SWALI: Sasa fundi. Mimi niko Section 58 hapa Nakuru. Nilinunua zile shanga ndogo za kunyonya maji, zile watu huweka kwa vesi ya maua, nikatia kijiko moja kwa glasi ya maji ya borehole, simu nikaiegemeza dirishani ipige taimlapsi (picha moja moja zinazounganishwa kuwa video ya haraka) kutoka saa mbili asubuhi mpaka saa kumi jioni. Video imetoka inawaka-waka kama disko, na shanga zimefura kidogo tu, kama punje ya mahindi, na kwa pakiti wameonyesha kitu kama gololi. Niliuziwa feki?

JIBU: Pole ndugu yangu, lakini kabla urudi kugombana na mwenye duka hebu angalia hiyo maji kwanza. Maji ya borehole za Nakuru iko na chumvi chumvi na floraidi, meno ya watu wa huko yanajieleza, na hizi shanga hazipendi chumvi kabisa. Ni polima, ndugu ya ile poda iko ndani ya nepi. Ndani yake kuna chaji ndogo za umeme zinasukumana, zikisukumana nafasi inapanuka maji yanaingia, sasa chumvi ikifika inazituliza na kufura kunaishia hapo. Kwa maji safi shanga ya milimita 2 ikifika milimita 12 unaona imekua mara 6 tu, lakini ukipiga hesabu ya ujazo ni mara 216! Ndio maana kijiko moja inaweza kumwagika kwa glasi, mimi ilishanifanyia hivyo usiku nikaamka nikapata meza imejaa kitu kama mayai ya chura.

Kwa hivyo kinga maji ya mvua, weka glasi mbili kwa fremu moja, mvua huku borehole huku, idadi ya shanga iwe sawa. Hiyo ndio video mtu atatazama hadi mwisho. Zikishafura tupia ile ya mvua kijiko ya chumvi na uache kamera iendelee, utaziona zikinywea.

Kuwaka-waka ni dirisha. Wingu likipita simu inabadilisha mwangaza yenyewe, jua likitoka inabadilisha tena. Funga pazia, tumia balbu moja ya LED kutoka kando, kisha finya skrini kwa muda mpaka fokasi na mwangaza zijifunge. Chaja iwe imeingia, zuia simu za kupigiwa zisiingie, na stima ikipotea, basi, hiyo ni Kenya, anza upya.

Programu ikikuruhusu kuchagua, picha moja kila dakika kwa masaa 8 ni picha 480, ukizicheza 24 kwa sekunde unapata sekunde 20. Mimi ningepiga kila sekunde 30 juu kufura kwingi hutokea masaa ya kwanza. Na chukua shanga za rangi, zile zisizo na rangi zikijaa maji zinapitisha mwanga karibu sawa na maji yenyewe, utadhani glasi haina kitu.

SWALI: Fundi mimi ni mama hapa Kondele, Kisumu, naeza fanya hii na mtoto wangu wa miaka 2?

JIBU: Hapana mama, huyo bado. Anaziona ni peremende, akimeza moja inaendelea kufura tumboni na inaweza kuziba utumbo, na mara nyingi eksirei haizionyeshi. Kule Marekani mwaka wa 2023 Amazon, Walmart na Target waliacha kuuza zile za watoto kuchezea. Fanya akilala, hesabu shanga kabla na baada, chungulia chini ya kochi maana zinaruka ajabu. Ukimaliza usimwage kwa sinki, zitaziba paipu, funga kwa karatasi uweke kwa takataka.