Barua kwa mwanangu: kuhusu kuomba nafasi katika chuo cha jamii

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka hapa Des Moines. Mama yako na wadogo zako ni wazima, na wote wanakusalimu. Barua yako tumeisoma pamoja na mama yako, naye amenihimiza nisikujibu kwa simu bali nikuandikie, ili uwe na maneno ya kurudia utakapokuwa unajaza makaratasi. Umeniuliza kama uombe nafasi sasa katika chuo cha jamii cha Jefferson hapo Louisville, yaani chuo cha umma cha masomo ya miaka miwili, ili usomee uuguzi, au usubiri miaka miwili uweke akiba kisha uende chuo kikuu moja kwa moja. Umeniuliza pia kama ni kweli, kama wasemavyo wenzako wa kazini, kwamba chuo cha jamii ni cha watu walioshindwa, na kama ile diploma ya Serikali ya Kongo uliyoipata ukiwa katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, ina thamani yoyote katika nchi hii.

Jibu langu ni kwamba uombe sasa, mama. Kusubiri hakutakupunguzia gharama yoyote, na miaka miwili ya kupanga vifurushi usiku itakuchosha kuliko itakavyokutajirisha. Hata hivyo napenda uelewe mapema kwamba kukubaliwa na chuo chenyewe ni sehemu nyepesi ya safari hii. Vyuo vya jamii vya Marekani havichagui wanafunzi kama vichaguavyo vyuo vikuu vikubwa. Mtu mzima mwenye cheti cha kumaliza sekondari hupokelewa. Mchujo upo ndani, baada ya mlango, na watu wengi wa kwetu huufikia bila kujiandaa kwa sababu barua ya kukubaliwa iliwafanya waamini kwamba kazi imekwisha.

Hayo ya walioshindwa usiyabebe. Chuo cha umma cha kwanza cha aina hii ambacho kimedumu hadi leo kilianzishwa Joliet, katika jimbo la Illinois, mwaka 1901, kikiwa na wanafunzi 6 tu, na kusudi lake lilikuwa kuwapa vijana masomo ya miaka miwili ya mwanzo ya chuo kikuu bila kulazimika kuhama kwao. Mwaka 1947 tume iliyoundwa na Rais Truman ilipendekeza vyuo vya namna hiyo vienezwe nchi nzima, na leo vipo karibu 1,000. Hicho chako cha Jefferson kilifunguliwa mwaka 1968. Nawe unayetaka uuguzi zingatia jambo hili moja: aliyehitimu uuguzi kwa shahada ya miaka miwili na aliyehitimu kwa miaka minne hufanya mtihani uleule wa leseni, unaoitwa NCLEX-RN, na wote wawili wakifaulu huwa wauguzi waliosajiliwa. Baadaye yule wa miaka miwili anaweza kuendelea hadi shahada ya kwanza huku akiwa kazini, mara nyingi kwa msaada wa hospitali inayomwajiri.

Sasa nikueleze mchujo huo ulipo. Kukubaliwa chuoni si kukubaliwa katika programu ya uuguzi. Utaingia kwanza kama mwanafunzi wa kawaida, utasoma masomo ya msingi kama Kiingereza cha uandishi, hesabu, saikolojia, na anatomia na fiziolojia ya binadamu, kisha utaomba upya katika idara ya uuguzi, yenye nafasi chache, tarehe zake na masharti yake. Hapo ndipo alama zako zitakapopimwa kwa ukali, na anatomia ndiyo inayowaangusha wengi. Kwa hiyo siku ya kwanza utakapokutana na mshauri wa masomo, usimwambie tu kwamba unataka kusoma. Mwambie unataka uuguzi, umwombe karatasi ya masharti ya programu hiyo kwa mwaka huu, na uondoke nayo mkononi. Mtu anayejiandikisha masomo bila karatasi hiyo hujikuta amesoma mihula miwili ya masomo mazuri ambayo idara haiyahitaji.

Kuhusu diploma yako, usikubali mtu akuambie uanze upya na mtihani wa GED, ule wa watu wasio na cheti cha sekondari, kabla hujaitumia. Diploma ya Serikali ya Kongo kwa kawaida huhesabiwa kuwa sawa na cheti cha kumaliza sekondari cha hapa, ila iko katika Kifaransa, na mwenye kuifungua faili yako hatajua ni kitu gani. Itafsiriwe na mfasiri anayetoa tamko la uhakika, kisha uulize ofisi ya udahili ni taasisi zipi za kutathmini vyeti vya nje wanazozikubali, kabla hujalipa taasisi yoyote. Buletini, yaani ripoti za alama za shule, za miaka ya mwisho nazo zitafute. Nakala zako mama yako alizihifadhi katika bahasha ile ya kahawia pamoja na kadi za chanjo, nami nitakutumia zote kwa posta ya kusajiliwa.

Lakini kabla ya hayo yote, weka diploma, kadi ya ukaazi na kadi ya hifadhi ya jamii (Social Security) mezani, ulinganishe majina herufi kwa herufi. Wewe mwenyewe unajua majina yetu ya Kikongo yalivyo matatu, na jinsi karani wa kambini alivyokuwa akiyapanga kadiri alivyosikia. Katika diploma yako jina la babu ndilo lililotangulia. Katika kadi ya ukaazi jina hilohilo limewekwa katikati, na limepotezewa herufi moja. Kwa mtu wa ofisini hao ni watu wawili. Fomu zote za chuo na za msaada wa fedha zijaze kwa jina lililo katika kadi ya hifadhi ya jamii, hata kama limekosewa, na kwa diploma uandae hati ya kiapo mbele ya mthibitishaji wa umma inayoeleza kwamba majina hayo mawili ni ya mtu mmoja. Wengi niliowasaidia hapa kanisani hawakukwama kwa kukosa elimu, walikwama kwa jina.

Fomu ya msaada wa fedha ya serikali kuu inaitwa FAFSA, na hujazwa bure katika tovuti ya studentaid.gov. Sisitizo langu liko katika hilo neno bure, kwa sababu kuna kijana wa kanisa letu aliyemlipa mtu fedha nyingi amjazie, na yule mtu akaandika mambo yasiyo kweli. Fomu hufunguliwa kwa kawaida tarehe 1 Oktoba kwa mwaka wa masomo unaofuata. Itakapokuuliza uraia, usichague raia wala usichague asiyestahili. Chagua mtu asiye raia anayestahili, kwa kuwa wakimbizi waliopokelewa na wenye ukaazi wa kudumu wana haki hiyo, kisha uandike namba yako ya uhamiaji inayoanza na herufi A. Namba hiyo huandikwa kwa tarakimu 9. Kama yako ina 8, tanguliza sifuri. Kwa kuwa umeshatimiza miaka 25, utahesabiwa kuwa unajitegemea, hivyo mshahara wangu na wa mama yako hautaulizwa. Utaulizwa kibali cha kuchukua taarifa zako za kodi moja kwa moja kutoka idara ya kodi. Kitoe, maana bila kibali hicho hakuna msaada wowote wa serikali kuu. Taarifa zinazotumika ni za miaka miwili nyuma, kwa hiyo ikiwa kipato chako kimeshuka tangu wakati huo, waandikie ofisi ya misaada ya chuo uwaombe walitazame jambo hilo. Kisha usichelewe, kwa sababu zipo ruzuku za jimbo la Kentucky zinazogawiwa kwa kufuata aliyetangulia, na fungu likiisha limekwisha.

Umesema unaogopa deni, na hofu hiyo naiheshimu. Ni lazima basi ujue kutenganisha ruzuku na mkopo, kwa sababu barua ya chuo itaviweka vyote katika jedwali moja na kuvijumlisha kana kwamba ni zawadi moja. Ruzuku ya Pell, ile ya serikali kuu kwa wanafunzi wenye kipato kidogo, hairudishwi. Kiwango chake cha juu kwa mwaka wa masomo 2025–26 kilikuwa dola 7,395, na kwa mkazi wa Kentucky anayesoma chuo cha jamii kiasi hicho kwa kawaida huzidi ada. Chini yake utaona mistari yenye neno mkopo. Kila mstari hukubaliwa au kukataliwa peke yake. Kubali ruzuku, kataa mikopo mwaka wa kwanza, kisha tutazungumza tukiona kuna pengo.

Kuhusu kazi yako ya usiku katika kituo cha UPS, kampuni ya kusafirisha vifurushi, pale uwanja wa ndege, nashangaa kwamba hakuna aliyekueleza habari za Metropolitan College. Huo ni mpango ulioanzishwa mwaka 1998 kati ya UPS, Chuo Kikuu cha Louisville na hicho chuo chako cha Jefferson, ambao hulipa ada za wafanyakazi wa zamu ya usiku inayoshughulikia mizigo inayotakiwa kufika siku inayofuata. Nenda ofisi ya rasilimali watu uulize masharti yake ya sasa, hasa saa unazotakiwa kufanya kazi na alama unazotakiwa kuzipata, kabla hujaomba kuhamishiwa zamu ya mchana. Ningependa ulale usiku kama watu wengine, lakini ikiwa zamu hiyo inaweza kukulipia masomo ya msingi yote, basi tupange usingizi wako kwa namna nyingine kwa muda.

Mtihani wa kupima kiwango cha Kiingereza na hesabu usiufanye siku hiyohiyo utakayoambiwa. Watu watakuambia kwamba hakuna kufeli katika mtihani huo, na ni kweli, ila matokeo ya chini hukupeleka katika masomo ya kujazia ambayo hula muda na ruzuku yako bila kukusogeza kwenye uuguzi. Uliza unaitwaje, tafuta maswali ya mazoezi ambayo hutolewa bure, ujikumbushe sehemu, asilimia na aljebra ya mwanzo, kisha uende ukiwa umelala. Hesabu uliisoma kwa Kifaransa, na kazi yako kubwa itakuwa kuyazoea maneno ya swali. Ukiona Kiingereza cha kuandika bado ni kizito, anza sasa na madarasa ya watu wazima yasiyolipiwa, usingoje kuyanunua chuoni kwa ruzuku.

Usianze na mzigo mkubwa. Krediti ni kipimo cha uzito wa masomo; krediti 12 kwa muhula ndizo zinazohesabiwa kuwa masomo ya muda wote, na mwenye krediti 6 hupata nusu ya ruzuku. Najua utavutwa uchukue 12 ili upate fedha kamili. Kwa mtu anayefanya kazi usiku, muhula wa kwanza nakushauri uchukue masomo mawili, uyashike vizuri. Ukiacha masomo yote kabla ya kufika asilimia 60 ya muhula, sehemu ya fedha hurudishwa, na chuo kinaweza kukudai. Ukiyafeli, alama hizo zitakusubiri siku utakapoomba uuguzi. Ruzuku ya Pell nayo ina kikomo cha maisha, sawa na mihula 12 ya muda wote, kwa hiyo kila muhula unaopotea umetoka katika fungu lako.

Nakuomba pia usishawishiwe na shule binafsi zinazotangaza uuguzi kwa muda mfupi. Binamu yako mmoja aliingia katika shule ya namna hiyo kwa mikopo, na alipotaka kuhamia chuo cha umma hawakuzipokea krediti zake. Chuo cha jamii cha umma kina ithibati inayotambuliwa na vyuo vikuu. Hata huko angalia aina ya shahada: ile ya sanaa au sayansi imeundwa kwa ajili ya kuhamia chuo kikuu, na vyuo vikuu vya umma vya Kentucky vinatakiwa kuzitambua krediti zake, ilhali ile ya sayansi tumizi humwandaa mtu kwa kazi. Uuguzi kwa kawaida huwa katika hii ya pili, lakini una njia yake ya kuendelea hadi shahada ya kwanza kama nilivyokueleza. Nalitaja hili kwa sababu umeandika kwamba, uuguzi ukikukataa, ungependa ualimu. Ikiwa hivyo, mwambie mshauri mapema, ili masomo yako ya msingi yachaguliwe kwa namna itakayokufaa kwa njia zote mbili.

Juma hili fanya mambo mawili tu. Fungua akaunti katika studentaid.gov kwa jina la kadi ya hifadhi ya jamii, na uende mwenyewe hadi kampasi ya katikati ya mji, pale Broadway, uonane na mtu wa udahili uso kwa uso. Beba uthibitisho wa anwani, kama mkataba wa nyumba au ankara ya umeme, kwa maana mkazi wa jimbo hulipa ada ndogo kuliko mtu wa nje. Andika jina la kila utakayezungumza naye pamoja na tarehe. Barua ya msaada wa fedha itakapofika, usibonyeze popote kabla hujanipigia. Jumapili baada ya ibada mimi na mama yako huwa nyumbani, nasi tutaipitia pamoja nawe mstari kwa mstari.

Ni mimi, baba yako.