Maswali ya Wasomaji: Mashine ya kuchomelea ya mtumba, itengenezwe au iachwe?

SWALI: Nimenunua inveta ndogo ya kuchomelea iliyotumika, imeandikwa ampea 160. Nikiiwasha, taa ya kijani inawaka na feni inazunguka, lakini rodi ya milimita 2.5 ikigusa chuma inatoa cheche hafifu kisha inaganda. Fundi anataka nusu ya bei ya mashine nzima kama hiyo, na bado hajaifungua. Nimpe?

JIBU: Usimpe bado. Anayetaja bei kabla ya kufungua mashine anabahatisha, na dalili zako mara nyingi husababishwa na kitu kilicho nje ya mashine yenyewe.

Anza na klempu ya ethi, ile inayobana chuma unachochomelea. Springi ikilegea, au meno yakishika rangi na kutu, rodi itaganda hata mashine ikiwa mpya. Sugua chuma mpaka king'ae, kisha chomoa plagi za kebo zinazozungushwa kwenye tundu za mbele. Ukiona shaba imekuwa nyeusi au plagi inacheza, umeshampata mshukiwa. Maltimita (kipimo cha umeme) ikiwa kwenye skeli ya omu haitamfichua: kiungo chenye omu 0.05 kitaonekana kizuri tu, lakini ampea 80 zikipita hapo kinakula volti 4, na moto wa rodi hiyo unaishi kwa volti 23 hivi. Kipime kikiwa kazini. Mwenzako achomelee, nawe uweke ncha moja ya maltimita (volti za DC) kwenye chuma na nyingine kwenye tundu la ethi. Ikizidi volti 1, kata ncha ya kebo iliyoungua ufunge klempu mpya. Fanya vivyo hivyo upande wa kishikio cha rodi.

Jaribu pia rodi kavu kutoka pakiti mpya, ampea 75 hadi 85, mashine ikiwa imechomekwa moja kwa moja ukutani. Ekstensheni ndefu na nyembamba imeshapeleka mashine nyingi nzima kwa fundi.

Sasa pima volti za kutokea kabla ya kugusa chuma. Inveta nyingi hutoa kati ya 55 na 80. Ukipata 10 hadi 25, usikimbilie kusema imekufa, kwani baadhi zina kinga inayoshusha volti kwa makusudi rodi isipogusa chuma. Soma kibandiko au kitabu chake kwanza.

Volti zikiwa sawa, na taa ya mashine ikififia au kuzimika kila unapogusa chuma, tatizo liko ndani, na huenda si kubwa. Umeme unapoingia hupitia kwanza rezista inayozuia kishindo cha kuwasha, kisha rilei, yaani swichi inayojifunga kwa umeme, hufunga na kuiruka rezista hiyo. Rilei isipofunga, feni na taa zitafanya kazi kama kawaida, lakini mzigo ukija volti za ndani zinaporomoka. Rilei na rezista yake ni vipuri vya bei ndogo. Hapo tengeneza bila kusita.

Tahadhari moja isiyo na mjadala: umeme wa ukutani wa volti 230 hukaa ndani ya kapasita kubwa kama volti 325 za DC, na hubaki humo hata baada ya kuchomoa plagi. Subiri dakika 10, kisha pima. Zikiwa bado zimejaa, zimwage kwa balbu ya nyuzi ya wati 60 yenye waya uliofunikwa vizuri. Usitumie bisibisi.

Mashine ya kuachwa ni ipi? Ni ile ambayo transista za nguvu zimepasuka na bodi ya saketi chini yake imekuwa mkaa. Mkaa unapitisha umeme, kwa hiyo vipuri vipya vitalipuka kama vya zamani. Bodi ikiwa safi, mwulize fundi maswali mawili: je, atabadilisha seti nzima ya transista pamoja na kukagua rezista na saketi inayoziendesha? Na je, ataiwasha mara ya kwanza kupitia balbu ya wati 100 iliyofungwa kwa mfululizo? Anayebadilisha ile moja iliyopasuka tu atakurudisha kwake wiki ijayo. Kazi hii ikizidi nusu ya bei ya mashine nzima ya aina hiyo, achana nayo. Skrubu zilizochubuka vichwa na transista za aina mbili tofauti humaanisha wengine wameshaijaribu, hivyo punguza matumaini zaidi.

SWALI: Nimepewa mashine ya zamani ya transfoma, nzito sana. Inanguruma, na mara nyingine breka inaanguka pale ninapoiwasha. Inafaa koili zake zisukwe upya?

JIBU: Pengine haihitaji. Transfoma huvuta umeme mwingi sana kwa nukta moja inapowashwa. Breka ya aina B huanguka mkondo ukifikia mara 3 hadi 5 ya kiwango chake, ya aina C mara 5 hadi 10. Kuanguka mara moja moja wakati wa kuwasha ni tabia ya transfoma, na fundi umeme anaweza kukuwekea aina C ikiwa waya za nyumba zinaruhusu. Ngurumo nayo mara nyingi ni mabati ya kiini yaliyolegea. Kaza bolti zake.

Jaribio la kweli ni hili: iache ikiwa imewashwa dakika 15 bila kuchomelea. Ikiwa vuguvugu, koili ni nzima. Ikipata moto na kutoa harufu ya vanishi iliyoungua, mizunguko imegusana. Kusuka upya kunalipa koili zikiwa za shaba na fremu ikiwa imara. Za aluminiamu, kwa mashine ya kazi ndogondogo za nyumbani, hazistahili gharama. Kabla ya kuitumia, fundi umeme aipime kwa mega ya volti 500 (kipimo cha kuvuja kwa umeme): koili ya kuingilia dhidi ya ganda la chuma la mashine isipungue megaomu 2.5, na dhidi ya koili ya kutokea isipungue megaomu 5.

SWALI: Mashine yangu ya waya, isiyotumia gesi, inakunja waya penye roli badala ya kuusukuma. Niitupe?

JIBU: La, huo ni ukarabati wa bei ndogo kuliko wote humu. Badilisha ncha ya shaba ilingane na waya, sema milimita 0.9, na safisha au badilisha mrija wa ndani ya kebo. Waya wenye unga ndani unataka roli yenye meno, na usiikaze kupita kiasi kwa sababu waya huo ni kama mrija mwembamba uliojazwa unga, unabonyea. Hakikisha pia bunduki, yaani kishikio kinachotoa waya, imefungwa kwenye hasi. Watu wengi huiacha kwenye chanya kisha wanailaumu mashine kwa matone yanayoruka.