Barua ya kuacha kazi iache kwanza kwenye begi

Jumapili usiku msomaji mmoja wa Dodoma alinitumia ujumbe wa sauti wa dakika nne. "Dada, barua nimeshaichapa, iko kwenye begi. Kesho asubuhi naiweka mezani kwa bosi naondoka. Niambie tu, nakosea?" Sauti ilikuwa inatetemeka. Niliirudia mara tatu, maana sauti ile naijua. Mwaka 2018 ilikuwa yangu.

Nilikuwa napokea simu za wateja kwenye kampuni moja hapa Dar. Masaa tisa kwenye kiti, kwenda chooni unahesabiwa dakika. Siku hiyo mteja alinitukania mama yangu, nikakata simu. Msimamizi akaja kunigombeza mbele ya wenzangu wote, kidole kinanigusa karibu na pua. Sikujibu. Nilivua vile vya masikioni nikaviweka juu ya kibodi, nikabeba mkoba wangu nikatoka. Kwenye daladala ya Mwenge nilijiona mshindi kabisa. Simu inaingia ujumbe juu ya ujumbe: umetuwakilisha, wewe jasiri, Mungu atakufungulia.

Ushindi ulidumu wiki mbili. Nilipofuata stahiki zangu nikakuta wamekata mshahara wa mwezi mmoja, kwa sababu niliondoka bila notisi. Nililia pale mapokezi nikiita dhuluma. Baadaye sana ndipo nilipoisoma Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004: anayelipwa kwa mwezi anatakiwa kutoa notisi ya siku zisizopungua 28, na akigoma kuzifanyia kazi, mwajiri anaruhusiwa kukata malipo ya siku hizo kwenye stahiki zake. Kwa hiyo wale watu walionidhalilisha mbele ya wenzangu wakabaki na mshahara wangu, na sheria ikawa upande wao. Hilo linaniuma hadi leo.

Nikahamia kwa dada yangu Kimara. Nikalala sebuleni na watoto miezi minane. Shemeji hakuwahi kunitamkia neno baya, ila kila chakula cha usiku aliuliza, "Vipi, kuna simu yoyote?" Mengine ya miezi ile siyasimulii.

Kazi iliyofuata ndiyo iliyonifundisha hasa. Nilipata uafisa mikopo kwenye taasisi moja ya mikopo midogo, kituo changu Mbagala. Nadhani mnaijua mikopo hii, mitaani wanaiita kausha damu. Akina mama watano watano wanadhaminiana, Alhamisi ni siku ya marejesho, na mmoja akikosa, wenzake hawatoki kwenye kile kibaraza mpaka hela itimie. Wakati mwingine tulikaa hadi Magharibi, watoto wachanga wanalia njaa mapajani, na mimi na daftari langu ndiye ninayewazuia. Benki Kuu imeweka ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi kwa taasisi za aina hii, lakini ukiongeza ada ya fomu na faini za kuchelewa, mteja hajui tena anadaiwa nini. Mimi nilijua. Nilikuwa naandika kwa mkono wangu.

Kuna mama mmoja fundi cherehani. Marejesho matatu yalimpita, nikatumwa na vijana wawili na bajaji ya mizigo. Ni mtu wa umri wa mama yangu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, halafu tukaingia ndani kubeba cherehani yake. Chini ya sindano kulikuwa na shati jeupe la shule, mkono mmoja umeshonwa, mwingine bado. Akaomba dakika moja. Alichukua mkasi akakata uzi, akalitoa lile shati, akalikunja vizuri kama anayelipeleka kwa mwenyewe, akaliweka juu ya kitanda. Ndipo akasema, "Haya, chukueni."

Usiku ule nilitaka kuandika barua. Nilikuwa na kila sababu. Ila nilikumbuka sebule ya Kimara, nikajizuia.

Nilijiambia tatizo ni meneja. Ndiye anayepiga simu saa tano usiku kuulizia marejesho, ndiye anayewasema watu vikaoni kama watoto. Nikamsubiri ahamishwe, na kweli akahamishwa. Akaja mwingine, mama mpole, ana salamu, ana huruma, mtoto akiumwa anakupa ruhusa bila maneno. Ofisi nzima tukapumua. Alhamisi ya kwanza chini yake nikaamka saa kumi na moja alfajiri, tumbo linakata vilevile. Hapo nilikaa kitandani nikajua: siichukii sura ya bosi, nachukia kile ninachokwenda kumfanyia yule mama wa cherehani na wenzake. Na kile kisingeondoka hata wangeniletea malaika awe meneja.

Ndugu yangu wa Dodoma, swali langu la kwanza kwako ni hilo. Wakikubadilishia bosi kesho, utabaki? Kama jibu ni ndiyo, huna haja ya kuacha kazi. Omba uhamisho, omba kitengo kingine, au mvumilie, maana mabosi nao huhama. Wakikuongeza mshahara mara mbili, utabaki? Kama ndiyo, basi shida yako ni hela, na hela hutafutwa ukiwa na kazi, hazitafutwi ukiwa sebuleni kwa watu. Lakini kama bosi mzuri na mshahara mzuri vyote haviondoi lile tumbo, basi anza kuondoka. Nimesema anza.

Mimi kuanza kwangu kulikuwa kwenye daftari la shule la shilingi mia tano. Mshahara wangu wa msingi 600,000. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, wanachukua asilimia 10, Bodi ya Mikopo, lile deni la chuo, asilimia 15, kodi ya mshahara 24,000. Mkononi inabaki 426,000. Nikaandika matumizi yangu ya mwezi mmoja bila kujidanganya, pamoja na vocha, nywele, na ile hela ya mama kijijini. Ikaja 310,000. Nikajiwekea sharti: siandiki barua mpaka niwe na matumizi ya miezi sita, yaani 1,860,000. Kila mwezi laki moja, ikitoka tu mshahara, kabla sijamlipa mtu yeyote. Ilinichukua miezi 21, kwa sababu miezi miwili mama aliumwa na sikuweka hata senti.

Miezi 21 ya kazi ninayoichukia! Watu hawapendi kusikia hivi. Wanataka waambiwe fuata ndoto yako, ruka, Mungu atakudaka. Wanaowaambia hivyo kwenye majukwaa wanalipwa kwa kuwaambia. Lakini nisikilize mimi niliyeruka nikadakwa na godoro la watoto: ile laki moja ya kila mwezi iliibadilisha ile kazi. Alhamisi bado zilikuwa chungu, ila sasa nilikuwa nazihesabu. Hata meneja wa mkoa akinifokea nilikuwa namwangalia kwa utulivu mpaka akashangaa.

Jambo jingine, na hili nalipigia mstari: likizo. Sheria inakupa siku 28 kwa mwaka. Wengi wetu tunazilala, au tunaziuza kwa bosi. Mimi zangu nilizipeleka Kariakoo, kwenye kiofisi cha mhasibu mmoja anayewatunzia wenye maduka hesabu zao. Nilimwomba nikae bure. Nilipanga risiti za EFD, zile za mashine ya kodi, kwa tarehe hadi vidole vikawa vyeusi, nikajifunza kuandaa ritani ya VAT, yaani taarifa ya kila mwezi ya kodi ya ongezeko la thamani, kabla ya tarehe 20, nikajifunza kuongea na mfanyabiashara anayeogopa barua ya Mamlaka ya Mapato, TRA. Jioni ya siku ya tatu nilisahau kuangalia saa. Sikuwa nimesahau kuangalia saa kazini tangu nimalize chuo. Hapo sikuhitaji tena kuuliza mtu kipaji changu ni kipi.

Nilipofikisha ile hela niliandika barua ya mistari sita, bila lawama. Nilitaja siku 28, nikaomba wanigongee muhuri kwenye nakala yangu, nikafanya kazi hadi siku ya mwisho na kukabidhi mafaili kwa orodha. Nikaondoka na mshahara kamili, malipo ya likizo iliyobaki na cheti cha utumishi. Leo nina meza yangu Kariakoo na wateja 11. Nasema hivi kwa kifua kabisa, nimehangaika.

Yapo mambo mawili lazima uyajue kabla hujaitoa hiyo barua. Fao la upotevu wa ajira la NSSF ni la aliyepoteza kazi; aliyeandika barua mwenyewe hahesabiwi, usilitegemee. La pili, kama huko kazini wanakufanyia vitendo ili ukimbie mwenyewe, usisaini chochote kabla hujaongea na chama cha wafanyakazi au mwanasheria, kwa sababu kulazimishwa kuacha kazi kisheria ni kama kufukuzwa, na unakwenda nalo CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya migogoro ya kazi, ndani ya siku 30. Na kama unaguswa mwili au maisha yako yako hatarini, hayo ya laki moja kila mwezi hayakuhusu. Toka leo, hela tutaijua mbele.

Kwako haiko hivyo, nimekusikiliza vizuri. Umechoka, umeonewa, umekasirika, na hasira yako ni ya haki. Nakuomba tu jioni ya leo ukae na daftari, uandike unachotumia kwa mwezi, vyote, hata vile unavyoona aibu kuviandika. Zidisha mara sita. Nitumie hiyo namba kabla ya saa tatu usiku, simu yangu itakuwa wazi. Barua iache kwenye begi.