Kabla kabati la MDF halijaingia chumbani

Ukifungua mlango wa kabati jipya la MDF, macho yakawasha na koo likakereka, usikubali kuambiwa ni harufu ya upya tu. Ni fomaldehaidi. MDF ni nyuzi za mbao zilizosagwa, zikachanganywa na gundi, mara nyingi ya yurea-fomaldehaidi, kisha zikashindiliwa kwa joto. Gundi hiyo hutoa gesi hata baada ya bodi kutoka kiwandani: kwa wingi miezi ya mwanzo, halafu hupungua polepole. Mwaka 2004 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliiweka gesi hiyo kundi la kwanza, la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu.

Sisemi tuache MDF. Mninga ni ghali, na makabati ya jikoni kwangu hapa Dar es Salaam yote ni MDF. Ila bodi iagize kwa jina: mwambie muuzaji unataka E1, yaani daraja la bodi zinazotoa gesi hiyo kidogo, na uone alama yenyewe kwenye mzigo. Hata hiyo E1 isikulaze usingizi. Hupimwa katika hewa ya nyuzijoto 23 na unyevu wa asilimia 45, na Dar ya mwezi wa Februari haifanani na hapo hata kidogo. Joto na unyevu huongeza gesi, nasi tunafunga madirisha tuwashe AC.

Kazi kubwa iko kwenye kingo. Uso uliobandikwa melamini huizuia gesi vizuri; inapopenya ni pale msumeno ulipopita. Kwangu fundi alikuwa amebandika ukanda wa plastiki mbele tu, panapoonekana. Nilipotoa droo na kupitisha kidole nyuma nikakuta ukingo mtupu, wenye manyoya, na matundu ya bawaba yaliyotobolewa yakaachwa wazi. Akasema huko hakuna atakayetazama. Nikamwambia hewa ya ndani ya kabati tunaivuta sisi kila siku. Akarudi akapaka vanishi mikono miwili kila palipokatwa, hadi chini ya rafu na nyuma ya sinki. Faida yake ni mbili, maana ukingo mtupu ukinywa maji ya deki huvimba, na ukungu hufuata. Siku hizi hili naliweka kwenye makubaliano kabla ya kutoa pesa ya kuanzia.

Kukata kufanyike karakana, au uani ikibidi. Sebuleni, hapana. Vumbi la MDF ni laini kama unga wa ngano, nalo lina gundi ndani yake. Utalikuta kwenye mapanga ya feni na kwenye chandarua cha mtoto siku kadhaa baada ya fundi kuondoka. Vumbi la mbao kwa jumla nalo limo katika kundi hilohilo la kwanza tangu 1995. Ukilifagia kwa ufagio mkavu unalirudisha hewani. Lifute kwa kitambaa kibichi. Na fundi avae barakoa ya N95 au FFP2, kwa sababu barakoa ya kitambaa haizuii vumbi jembamba namna hiyo. Mimi namnunulia mwenyewe. Yeye anavuta vumbi hilo kila siku ya kazi, mimi nyumba moja tu.

Kabati la chumba cha watoto liache barazani milango na droo zikiwa wazi, wiki kadhaa ukiweza, na likishaingia ndani madirisha yafunguliwe mchana. Usiitegemee pua kukuambia gesi imeisha, kwa kuwa pua huzoea.

Mabaki ya bodi yasiishie jikoni. Najua mkaa umepanda, na vipande vile vinashika moto upesi, lakini gundi ikiungua hutoa moshi wenye sumu mbele ya uso wa anayepika. Fundi akimaliza, abebe vipande vyake vyote, na jirani akiviomba vya kuwashia jiko, mweleze sababu ya kumnyima.