Goli la kikapu kwenye ukuta wa fensi: mkuu, zima hiyo drili

Mkuu, kama drili haijagusa ukuta, zima. Kama imeshagusa, zima pia, mashimo yanazibika.

Nimesoma uzi wako wa kuuliza namna ya kuwafungia watoto goli la kikapu nyumbani, urefu wake, ubao na sakafu, mpaka pale ulipoandika kwamba fundi amekuambia "ukuta wa fensi ni imara, tunapiga rawabolti nane, siku moja kazi imekwisha" (rawabolti ni zile bolti zinazotanuka ndani ya tundu la ukuta), chai ikanipalia. Maneno hayo hayo niliambiwa mimi mwaka 2021, na jamaa aliyekuja na grinda begani na kujiamini kuliko injinia wa daraja. Leo fensi yangu ina rangi mbili, ya zamani na mita nne mpya, na mama watoto kila akipata mgeni lazima ampitishe pale: "Hapa ndipo mwenzangu alipojenga uwanja wa NBA."

Halafu wachangiaji wa juu wanakushauri rangi ya ubao. Rangi! Jumba linataka kuporomoka, watu wanachagua mapazia.

Mwanangu wakati ule alikuwa na miaka 14, mrefu kama mnazi. Tangu Hasheem Thabeet wetu achaguliwe wa pili kati ya wachezaji wapya wa NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, mwaka 2009, Mtanzania yeyote mwenye mtoto mrefu anajiona ana akiba benki, nami nilikuwa mmoja wao. Nikamwita fundi wa kuchomelea. Akanipa njia mbili: nguzo yenye msingi wake wa zege, au fremu ya vyuma vya pembe ifungwe ukutani. Ya nguzo ilikuwa inaongeza laki nne na nusu. Nikamuuliza ukuta utahimili? Akaupiga kofi, paa paa, akasema: "Bosi, hili ni jiwe." Nikaamini kofi.

Sasa nikueleze kofi lile lilichoficha, maana hesabu yenyewe ni ya darasa la saba na ningeifanya mapema ningekuwa na gari lisilo na bonde katikati ya boneti.

Ukuta wa fensi wa tofali za inchi tano una unene wa sentimita 12 na nusu. Wangu una futi nane kwenda juu, yaani mita 2.4. Kila mita moja ya urefu wake ina uzito wa kama kilo 600. Ukisikia kilo 600 unasema basi, tembo huyo. Lakini tembo amesimama kwa kidole kimoja. Ukivutwa kutoka juu, kinachourudisha ni uzito wake ukizidishwa na nusu ya unene, sentimita 6 hivi. 600 mara 0.06 ni 36. Basi. Weka namba hiyo kichwani.

Ringi haikai ukutani, inatoka mbele, la sivyo watoto watavunjika pua kwa kujigonga. Yangu ilitoka kama mita moja. Kijana wa kilo 60 akirukia na kuning'inia pale, 60 mara 1 ni 60. Sitini kwa thelathini na sita. Mita za pembeni zinasaidia kidogo, saruji iliyoshikanisha tofali inasaidia kidogo, ndiyo maana haukuanguka siku ya kwanza na fundi akaondoka na hela yake akipiga mluzi. Na hiyo ni kijana aliyetulia kama nguo kwenye kamba. Akija kwa kuruka na kudaka kwa ghafla, mzigo unafika mara mbili au zaidi. Usiniambie wa kwako hawataning'inia. Watoto wa jirani wataning'inia, na wewe mwenyewe Jumapili jioni ukishashiba pilau utajaribu.

Nenda kwenye bolti. Za juu na za chini kwangu ziliachana sentimita 40. Kwa kijana yule yule, bolti za juu zinavutwa nje kwa nguvu ya kilo 150, zinataka kung'oka ukutani kama jino. Tofali ukiikandamiza haina neno, inabeba ghorofa. Ukiivuta haina lolote, hasa hizi zetu za fensi ambazo mfuko mmoja wa saruji umetoa tofali mpaka mfyatuaji mwenyewe anaona haya kuhesabu. Tena kila mpira ukigonga ubao, bolti inatikisika kidogo ndani ya tundu lake. Mitikisiko mia kwa jioni. Tundu linapanuka taratibu, unga wa tofali unamwagika chini, unafagiliwa asubuhi na hakuna anayejiuliza umetoka wapi. Mimi niliuona nikadhani ni mchwa.

Wiki ya tatu tangu fremu ifungwe, bolti moja ikawa inazunguka yenyewe ukiishika kwa vidole. Nikampigia fundi. Akaja, akagongelea kijiti, akapaka saruji, akachukua elfu ishirini. Mwezi wa pili nikaona ufa umelala kwenye mstari wa pili wa tofali kutoka chini, mrefu kama mita tatu. Nikampigia tena. Na hapa, wakuu, mniwie radhi nikitumia lugha ya gereji, kwa sababu yule bwana alichuchumaa, akauangalia ufa uliokwenda upande mpaka upande, akasema "hii ni plasta tu bosi, imekauka vibaya". Akapiga plasta juu yake! Ni sawa na mtu kavunjika mguu ukamvalisha soksi. Nami, baba mzima, nikasimama pale nikimshikia ndoo.

Ukuta ulishuka mwezi wa nne, usiku wa mvua na upepo. Hakuna aliyekuwa ananing'inia. Ule ubao wa mita 1.2 kwa 0.9 ni tanga la ngalawa, upepo uliumalizia ufa uliokuwa tayari. Nilisikia kishindo, nikajua majambazi, nikatoka na panga na bukta. Nikakuta mita nne za ukuta zimelala ndani kwangu, fremu juu ya boneti ya gari, na mapaa ya banda la kuku la jirani, ambayo yalikuwa yameegemea ukuta ule ule kwa upande wake, yamefuata. Kuku wanatembea uwanjani kwangu kwenye mvua. Jogoo mmoja alikuwa amesimama kabisa kwenye mstari wa mtupo huru.

Jirani yangu ni mama mtu mzima. Alitoka na khanga kichwani na tochi, akaangalia, akasema kwa upole, "Baba, mimi mpira sichezi. Kuku wangu wamekosa nini?" Sikuwa na jibu wakati ule na sina mpaka leo.

Kujenga ukuta upya, boneti na kioo cha gari, banda la kuku, na kuku watatu waliokufa: milioni mbili na laki saba. Nilikuwa nimeokoa laki nne na nusu. Fundi simu ikawa haipatikani kwa wiki mbili, alipopatikana akasema mvua ni ya Mungu. Ndiyo, mvua ni ya Mungu, ila kofi lilikuwa la kwako.

Na hilo ndilo la bei rahisi, mkuu. Saa kumi na moja jioni ya siku hiyo hiyo walikuwa wamekaa watoto watano chini ya ukuta ule wakinywa maji ya baridi. Sipendi kuliendeleza hilo.

Najua atakuja mtu hapa chini na video ya Mzungu aliyefunga goli kwenye ukuta wa gereji na halitikisiki. Ukuta wa gereji umeshikwa na paa juu, na kuta nyingine pembeni. Fensi juu haina kitu, ina chupa zilizovunjwa. Atakuja mwingine aseme "funga kwenye nguzo ya zege ya fensi". Nguzo ya fensi ilimwagiwa kusimamisha ukuta, msingi wake una kina cha kusimamisha ukuta, na ukiitoboa kwa rawabolti huku hujui nondo zimepita wapi unaweza kuzikosa zote au kuzikata. Hapana. Goli lisimame lenyewe. Lisiegemee kitu, lisishikwe na kitu, lisiwe na undugu na ukuta wowote. Ukitoka kwenye uzi huu na neno moja, toka na hilo.

La pili nililojenga lipo mpaka leo, nimelidundia mwenyewe kilo 94 zangu. Kwa ufupi lilivyo:

Shimo ni sentimita 60 kwa 60, kina mita 1.2. Likijaa zege linapita tani moja, na hiyo tani ndiyo unayoinunua, si bomba. Ukichanganya moja kwa mbili kwa nne (saruji, mchanga, kokoto), kama mifuko mitatu ya saruji inatosha. Mimi nipo Kigamboni, udongo ni mchanga mtupu, kwa hiyo nilipanua mpaka sentimita 80, na kuta za shimo zilikuwa zinabomoka kabla hatujamaliza kuchimba, tukazizuia kwa mbao. Ndani weka kizimba cha nondo: nne za milimita 12 na ringi za milimita 8. (Ringi za nondo, usije ukaenda dukani ukaleta ya kikapu.) Kabla ya kuchimba uliza bomba la maji na shimo la choo vilipita wapi, na angalia juu kama kuna waya wa umeme.

Bomba usilizike kwenye zege. Hapa ndipo mafundi wengi watabisha kwa sababu kulizika ni haraka. Likizikwa, linaoza pale pale linapokutana na uso wa zege, maji yanakaa hapo, na kwa hewa ya chumvi ya huku pwani linaliwa taratibu, wewe unapaka rangi tu huku linaisha. Zika bolti nne za milimita 20 zilizopinda kwa chini kama herufi J, ndefu sentimita 60. Zishike kwa kipande cha plaiwudi kilichotobolewa sawasawa na bamba la chuma la kitako cha nguzo, la sivyo zege likikauka bolti zitakuwa zimehama na utamtafuta wa kumlaumu. Nguzo ije na bamba nene, mimi niliweka milimita 16, lenye masikio manne ya pembetatu yaliyochomelewa. Nati za chini ya bamba ndizo za kurekebishia timazi, za juu za kukazia. Ukihama nyumba, unafungua nati, unaondoka na goli lako, unamwachia mwenye nyumba zege akaangalie.

Nguzo yenyewe skwea paipu ya inchi nne, unene usipungue milimita tatu. Watakuuzia ya inchi mbili kwa kuwa ni nyepesi kubeba kwenye bajaji. Kwa unene ule ule wa chuma, ya inchi nne ni ngumu kupinda mara nane kuliko ya inchi mbili. Siyo mara mbili. Nane. Ndiyo maana magoli mengi ya mitaani ukigonga mpira ubaoni yanatikisa kichwa kama mzee anayekataa mahari. Ziba tundu la juu kwa kipande cha chuma, mvua isiingie. Paka redoksaidi, ile ya kuzuia kutu, kabla ya rangi, mara mbili, na kwenye kila mshono wa kuchomelea.

Halafu subiri. Zege huhesabiwa limekomaa likifika siku 28. Mimi nilisubiri wiki mbili ndipo nikasimamisha nguzo, na nyingine mbili kabla ya kuruhusu mtu kugusa ringi. Wanangu waliniona mchawi. Mwagilia asubuhi na jioni, funika kwa mifuko mitupu.

Ehe, ulikuwa umeuliza mambo manne na mimi nimekamatwa na moja. Urefu: ringi iwe mita 3.05 kutoka chini, ila ulisema una wa miaka 9 na wa 13. Kikapu cha watoto wadogo ni mita 2.60. Toboa kwenye nguzo seti mbili za matundu ya kufungia mkono unaoshika ubao na ringi, uanze chini, upandishe akikua. Ubao nilitumia plaiwudi ya baharini (ile inayovumilia maji) ya milimita 18, umefanya kazi. Ringi sijui umesema unainunua wapi, nimerudi kutafuta sijaona. Na lile la sakafu watakujibu wengine, yangu ni mchanga na sementi na ina mabonde, sina la kujivunia.

Huyo fundi wako mpigie sasa hivi umwambie asije kesho. Ukishachimba shimo, kabla hujamwaga zege, piga picha ukiwa umesimama ndani yake uiweke hapa. Kama shimo halikufiki kiunoni, narudi.