Baba hayupo, mama anauza dagaa Mwaloni: ada ya chuo nitaipata wapi?

Mdogo wangu, pole kwa msiba, na hongera kwa kuchaguliwa SAUT, Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, pale Malimbe, Mwanza. Usiiache nafasi hiyo. Omba Bodi ya Mikopo (HESLB) mara dirisha la maombi likifunguliwa, maana yatima na watoto wa kaya duni wanafikiriwa kwanza.

Kazi kubwa ni vyeti. Cha kwako cha kuzaliwa na cha kifo cha baba vihakikiwe RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, mapema. Kagua majina herufi kwa herufi: cheti kikisema Masanja na matokeo ya kidato cha nne yakisema Massanja, anza kurekebisha leo. Fomu ya mkopo ukishaichapa, isainiwe na wewe, mdhamini, serikali ya mtaa na wakili au hakimu, ndipo uipandishe mtandaoni. Ukurasa mmoja usiosainiwa unatosha kukukwamisha, na inaniuma kuona mtoto anakosa kwa hilo.

Ukipangiwa mkopo kidogo, kata rufaa. Mama aelewe pia kuwa ni deni: ukiajiriwa, asilimia 15 ya mshahara hukatwa kila mwezi. Kesho asubuhi nenda kwa mwenyekiti wa mtaa, umweleze hali yenu.